Ubao uliotupwa si lazima uwe kuni: Useremala wa nyumbani kwa anayeanza



Katika wiki za karibuni safu hii imezungumzia matumizi ya nyumba: chakula, ada za shule na madeni. Miongoni mwa maswali yaliyotufikia, moja limejirudia kwa sura mbalimbali. Mama wa Mbagala anauliza ni wapi atapata meza ya kusomea ya mwanawe kwa bei isiyomlazimu kuingia katika mikopo ya kausha damu. Kijana aliyeoa karibuni, anayeishi chumba kimoja Mwananyamala, anauliza kama ni aibu kuanza maisha na samani alizojipigilia mwenyewe. Naye baba wa Tegeta ana rundo la mbao zilizobaki baada ya kujenga, na majirani wanamshauri azigawe ziwe kuni.

Maswali haya matatu yanakutana mahali pamoja. Anachokitafuta mama wa Mbagala, baba wa Tegeta anakaribia kukichoma. Na kijana wa Mwananyamala anayo mikono ya kukitengeneza, ila hajui aanzie wapi. Leo, inshaAllah, tutaeleza namna mtu asiye fundi anavyoweza kuanza kutengeneza samani ndogo za nyumbani kwa mbao zilizokwisha tumika. Tutaweka masharti matatu: mbao ziwe halali, ziwe salama, na mwenye kuanza aanze na kidogo.

Kuhusu aibu, jibu ni fupi. Useremala ni kazi ya watu bora. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Na mimbari ya Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ilikuwa ya mti, yenye daraja tatu tu, iliyotengenezwa na seremala aliyekuwa mtumishi wa mwanamke wa Kiansari. Hapa pwani yetu nako, kutumia mti mara ya pili ni desturi ya zamani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja milango ya nakshi imehama kutoka nyumba iliyobomoka kwenda nyumba mpya, na mbao za majahazi yaliyochakaa, Unguja na Lamu, hugeuzwa meza na mabenchi yanayonunuliwa kwa bei kubwa na wenye hoteli. Mgeni hulipia alama za misumari na rangi iliyopauka kwa jua na chumvi. Sisi wenyeji ndio tunaoona haya.

Mbao ziko wapi

Dar es Salaam ni mji wa bandari, na ni mji unaojengwa kila siku. Mambo hayo mawili humwaga mbao nyingi mitaani.

Bandari huleta paleti, yaani vichanja vya mbao vinavyowekwa chini ya mizigo. Katika magodauni ya Kurasini na viwanda vya Chang'ombe paleti zilizovunjika hurundikwa nje ya geti, na wapo wanaozinunua na kuziuza upya. Aghalabu ni za msonobari au miti mingine laini, yenye mbao za unene wa karibu sentimita mbili, ambazo anayeanza anaweza kuzikata kwa msumeno wa mkono.

Ujenzi huleta mbao zilizofungiwa zege ya nguzo, linta na slabu. Zinapofunguliwa huwa zimeganda saruji na kujaa misumari, kwa hiyo mwenye nyumba huziona hazina kazi. Nyingi ni msonobari kutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini, hususan Sao Hill, wilayani Mufindi. Chini ya ganda la saruji mti wenyewe mara nyingi ni mzima.

Chanzo cha tatu ndicho chenye hazina iliyojificha. Watu wengi wanaondoa milango na madirisha ya mbao na kuweka ya aluminiamu. Fremu za zamani hutupwa uani zikiwa zimepakwa rangi mara nne au tano, na chini ya rangi hiyo huenda kuna mninga, mkongo au mvule. Mninga na mkongo sasa vimeadimika, na mwenye kuvitaka vipya hugharimika sana. Kabla hujautupa mlango wa bibi yako, kwangua sehemu ndogo ya rangi kwa kisu, utazame rangi ya mti na uzani wake.

Mwisho ni karakana za samani, hasa Keko, ambako kila jioni hubaki vipande vifupi. Maranda ya randa huchukuliwa na wafuga kuku, na vipande huuzwa kama kuni. Kipande cha mninga cha sentimita thelathini hakimfai fundi anayetengeneza kitanda, lakini ni mguu kamili wa kigoda chako.

Sharti la kwanza: ziwe halali

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Ubao kuwa umelala njiani, au nje ya uzio, si dalili kwamba hauna mwenyewe. Wanazuoni wameeleza kwa kirefu hukumu za kitu kilichookotwa, na wametofautisha kitu duni ambacho mwenyewe hawezi kukifuatilia na kitu chenye thamani. Mbao za ujenzi ni mali yenye thamani. Mkandarasi huzihamisha kutoka jengo moja kwenda jingine, na kila anapopotelewa na ubao, hasara humrudia yeye au mwenye nyumba.

Mlinzi wa eneo la ujenzi ni mwenye kuaminiwa amana, si mwenye mali. Akikuuzia mbao usiku kwa bei ya chini, amekuuzia kisichokuwa chake, nawe ukijua hivyo huwezi kujificha nyuma ya neno "nimenunua". Mtafute mwenye nyumba au msimamizi wa kazi mchana, mbele ya watu, na umwambie unachokihitaji. Wengi watakupa bure, kwani kuzisafirisha taka kunawagharimu. Akikupa au akikuuzia, omba kijikaratasi chenye sahihi, ili usisumbuliwe njiani na ili kijana unayeandamana naye ajifunze namna mali inavyohama kwa uwazi.

Paleti nazo zina hukumu hiyo hiyo. Zipo zilizopakwa rangi maalumu na kupigwa jina la kampuni; hizo hukodishwa kwa wasafirishaji na hubaki mali ya kampuni hata zikivunjika. Waachie. Chukua zile ambazo godauni lenyewe limezitoa kwa ridhaa.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu tunazungumzia samani ambazo mtoto atasomea Qur'ani juu yake na mgeni atakaribishwa kuzikalia. Nyumba iliyokimbia riba haitapata baraka kwa kukimbilia mali ya mtu.

Sharti la pili: ziwe salama

Ubao halali waweza kuwa na madhara. Yapo mambo manne ya kukagua kabla hujaingiza ubao ndani.

La kwanza ni muhuri wa paleti. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISPM 15, kilichopitishwa mwaka 2002 ili kuzuia wadudu wa miti kusafiri na mizigo, kinataka paleti za mbao zinazovuka mipaka ziwe zimetibiwa na kupigwa muhuri. Muhuri huo una alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba, na herufi zinazoonyesha tiba iliyotumika. Herufi HT maana yake mti umepashwa moto mpaka kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Huo hauna dawa iliyoongezwa. Herufi MB maana yake umefukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Huo usiuchukue kwa kazi za nyumbani. Paleti isiyo na muhuri yaweza kuwa imetengenezwa hapa hapa nchini kwa matumizi ya ndani. Uliza ilibeba nini. Tena fahamu kwamba muhuri unaeleza namna mti ulivyotibiwa, haukuelezi mzigo uliowekwa juu yake baadaye. Ukiona doa la mafuta, unga wa rangi usioujua, au harufu kali ya dawa, uache hapo hapo.

La pili ni mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kama zile za kenchi. Baadhi hugeuka rangi ya kijani kwa sababu ya dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Hizo zibaki kwenye paa. Zisiwe meza ya chakula wala kitanda cha mtoto, na mabaki yake yasichomwe kabisa, kwani moshi na majivu yake yana sumu. Akina mama wanaookota vipande vya kenchi kuwashia jiko waelezwe jambo hili kwa upole.

La tatu ni rangi ya zamani. Rangi za miaka ya nyuma zaweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Usiisugue kwa msasa mkavu hata vumbi likatapakaa uani. Lowesha kwa maji, kwangua taratibu juu ya turubai, vaa barakoa, watoto wakae mbali, kisha kusanya mabaki yote na kuyafunga kwenye mfuko. Ukiwa na shaka kubwa, geuza ubao na utumie upande usiopakwa, au uache.

La nne ni wadudu. Ubao wenye matundu madogo unaodondosha unga laini mpya kila siku unabunguliwa bado. Ubao wenye vijia vya udongo umepitiwa na mchwa. Usiuingize wowote kati yao, kwani utakuwa umewakaribisha wageni watakaohamia kwenye kabati na kitanda chako. Uchome kisu: kikizama bila kugoma, mti umekwisha.

Pamoja na hayo, hata ubao mzima uupange mahali penye kivuli na upepo, ukiwa umeinuliwa juu ya matofali, kwa majuma mawili au zaidi kabla ya kuukata. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Ubao uliokatwa mbichi hunyooka leo na kupinda mwezi ujao.

Vifaa vichache vinavyotosha

Anayeanza hana haja ya mashine. Msumeno wa mkono wenye makali, nyundo yenye ulimi wa kung'olea misumari, futi ya kupimia, penseli, skwea, bisibisi, msasa, gundi nyeupe ya mbao na mtaimbo mdogo vinatosha kwa miezi sita ya mwanzo. Keekee ya mkono na randa ni nyongeza njema. Waweza kuziazima, ila uzirudishe siku uliyoahidi na katika hali uliyozichukua. Msumeno butu ni hatari kuliko wenye makali, kwani humfanya mtu alazimishe na mkono ukateleza.

Viatu vilivyofunika mguu ni lazima. Mbao za namna hii zina misumari yenye kutu, na msumari wa kutu humchoma mtu akiwa peku, na huenda ukamletea pepopunda. Kila msumari unaong'olewa uwekwe kwenye kopo wakati huo huo, usiachwe mchangani ambako watoto wanacheza. Aliyechomwa asafishe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati siku ile ile.

Kuhusu kung'oa, misumari ya paleti nyingi ina mizunguko inayong'ang'ania mti. Ukiutegemeza mtaimbo mwishoni mwa ubao, ubao hupasuka. Njia nafuu ni kupenyeza msumeno wa chuma kati ya ubao na boriti iliyo chini yake, ukaikata misumari hapo katikati. Kichwa cha msumari kitabaki juu kama alama nyeusi ya duara, nacho hakina ubaya. Kisha papasa ubao wote, na ukiweza pitisha sumaku ya spika kuukuu. Msumari uliofichika ukikutana na randa utavunja makali yake.

Kigoda cha vipande kumi na kimoja

Kazi ya kwanza iwe kigoda. Nyumba yoyote yetu ina haja nacho: cha kukalia mzee akitawadha bombani, cha mama anapochambua mchele, cha mtoto kufikia sinki. Kikienda upande utajifunza bila hasara, na kikisimama sawa utapata moyo wa kuendelea.

Tafuta mbao mbili za paleti zenye urefu wa sentimita 120 na upana wa karibu sentimita 10, pamoja na boriti moja, yaani lile gongo refu lililo chini ya paleti, lenye unene wa karibu sentimita 4 na upana wa 9. Katika ubao wa kwanza kata vipande vitatu vya sentimita 38. Hivyo ni kikalio. Katika ubao wa pili kata viwili vya sentimita 26 na viwili vya sentimita 30. Hivyo ni mikanda ya kushika miguu. Katika boriti kata vinne vya sentimita 22. Hiyo ni miguu. Jumla ni vipande 11. Utaona kwamba ubao wa kwanza unabaki na sentimita 6 na wa pili na sentimita 8. Hazikubaki kwa bahati: msumeno hula upana wake kila unapokata, na mwisho wa paleti aghalabu umepasuka na wapaswa kupunguzwa. Pima, chora kwa skwea, pima tena, ndipo ukate.

Simamisha miguu miwili, kingo zake za nje zikilingana na ncha za mkanda wa sentimita 26. Paka gundi, weka mkanda ukiwa sawasawa na vichwa vya miguu, pigilia misumari miwili kila mguu. Misumari ya inchi mbili yatosha: hupita sentimita mbili za ubao na kuzama tatu ndani ya mguu. Fanya hivyo kwa miguu miwili iliyobaki. Sasa unazo fremu mbili. Ziunganishe kwa mikanda miwili ya sentimita 30, mmoja kila upande, kwa gundi na misumari vile vile.

Kabla ya kuweka kikalio, kagua kama umbo limenyooka. Pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha pima zile kona mbili nyingine. Vipimo viwili vikilingana, kigoda chako ni sawa. Visipolingana, sukuma taratibu upande ulio mrefu mpaka vilingane, gundi ikiwa bado mbichi. Baadaye, kwa meza kubwa, utatumia kanuni nyingine ya mafundi: pima 30 upande mmoja wa kona, 40 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo ukiwa 50 kona hiyo ni mraba kamili.

Panga vile vipande vitatu vya kikalio juu, ukiacha nafasi ya nusu sentimita katikati yake ili maji yapite. Usipigilie msumari karibu sana na mwisho wa ubao, wala misumari miwili katika mstari mmoja wa nyuzi za mti, kwani utapasuka. Fundi hugonga kwanza ncha ya msumari kwa nyundo ikawa butu kidogo. Ncha butu hupenya kwa kukata nyuzi, ncha kali hupenya kwa kuzitanua.

Kama huna jiliwa ya kubania vipande wakati gundi inakauka, zungusha kamba ya mkonge mara mbili, ingiza kijiti katikati ya kamba na ukisokote mpaka ibane, kisha ukifunge kisirudi. Acha usiku kucha. Asubuhi weka kigoda mahali palipo sawa. Kikicheza, tafuta mguu mrefu na uusugue kwa msasa kidogo kidogo. Wengi hukata mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka kigoda kikawa kibao.

Baada ya kigoda

Kazi ya pili iwe rafu ya vitabu na misahafu. Jambo la kuzingatia ni kwamba ubao wa msonobari wenye unene wa sentimita mbili hulemewa na vitabu ukiachwa mrefu bila tegemeo. Usizidishe sentimita 60 au 70 kati ya nguzo na nguzo. Na rafu yoyote inayozidi kimo cha kiuno ifungwe ukutani kwa skurubu. Mtoto hupanda rafu kama ngazi, na rafu iliyojaa vitabu ikimwangukia huweza kumdhuru vibaya.

Wengi watatamani kutengeneza marufaa ya kuwekea msahafu. Marufaa ya asili huchongwa katika ubao mmoja, bawaba zake zikiwa ni meno yaliyokatwa ndani ya ubao wenyewe, ukafunguka bila msumari hata mmoja. Hiyo ni kazi ya fundi mzoefu. Kwa sasa tengeneza kibao chenye mteremko na ukingo mdogo chini, kitatosha kuinua msahafu kutoka sakafuni.

Kazi ya tatu ni ile meza ya mama wa Mbagala. Meza ya mtu mzima huwa na kimo cha karibu sentimita 75, lakini mtoto wa darasa la pili akiwekewa hiyo huandika mabega yakiwa masikioni. Mkalishe mtoto kwenye kiti atakachotumia, akunje mkono, na upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yake. Miguu iliyosimama peke yake huyumba hata ikipigiliwa misumari kumi. Weka kipande cha mshazari kutoka mguu hadi mkanda, ipatikane pembe tatu, kwani umbo la pembe tatu halisogei. Hiyo ndiyo siri ya kenchi za paa lako.

Vipo vitu ambavyo anayeanza asivijaribu kwa mbao hizi: kitanda cha mtoto mchanga, ambamo nafasi mbaya kati ya fito huweza kumnasa kichwa, kitanda cha juu na chini, na kibao cha kukatia nyama au mboga, kwa kuwa hatujui mti huo ulinyonya nini katika safari zake.

Kumalizia kazi

Samani ya paleti hudharauliwa zaidi kwa kuachwa na vibanzi kuliko kwa asili yake. Anza na msasa wa namba 80, ufuatie 120, umalizie 180 au 240, ukisugua kufuata nyuzi za mti. Pitisha kiganja, kisha pitisha kitambaa chepesi, kikinasa, bado. Vunja ukali wa kona zote.

Baada ya kufuta vumbi, paka vanishi kanzu mbili au tatu nyembamba, kila moja ikikauka na kusuguliwa kidogo kabla ya inayofuata. Kigoda cha bombani kipakwe mpaka chini ya miguu, maana mti hunywa maji kupitia vichwa vyake uliokatwa kuliko ubavuni. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipaka kuzuia mchwa, iachiwe nguzo za uzio. Haifai ndani ya nyumba, kwani inanuka, inachafua nguo na ina madhara kwa ngozi. Dhidi ya mchwa inatosha kuweka kipande cha kigae au plastiki chini ya kila mguu, na kutazama nyuma ya samani kila mwezi.

Fundi wa Keko si mshindani wako

Huenda fundi anayesoma safu hii akauliza kama tunamkosesha riziki. La. Anayejitengenezea kigoda hakuwa mteja wa kitanda cha mninga siku hiyo. Na baada ya kusumbuka juma zima na vipande 11, atakapoenda Keko kuagiza kabati hatabishana bei kwa dharau. Atajua ni kazi gani imo ndani ya kiungo kimoja kilichokaa sawa. Tena atajua kukagua: atafungua droo, atatazama nyuma, atauliza mti umekauka kiasi gani. Mteja mjuzi humnufaisha fundi mwaminifu, na humdhuru mdanganyifu peke yake.

Na kijana anayeona mkono wake umeitikia kazi hii asiishie uani. Chuo cha VETA kilichopo Chang'ombe, wilayani Temeke, ni mlango wa kuulizia mafunzo ya ufundi rasmi, na karakana nyingi za mitaani hupokea wanafunzi kwa makubaliano. Makubaliano hayo yaandikwe: muda, posho, na nani anagharimia vifaa. Mzazi asimpeleke mwanawe akafagie maranda miaka miwili bila kushika randa.

Kwa baba wa Tegeta tunasema: kabla hujagawa rundo lile liwe kuni, toa mbao kumi nzima, ing'oe misumari, uzipange kivulini. Kama huna haja nazo, tangaza msikitini baada ya swala kwamba zipo kwa mwenye kutaka kujifunza. Huenda madrasa ya mtaa wenu ina watoto wanaosoma wakiwa wameinamia sakafu, na mabenchi manne yangebadilisha darasa lile. Kazi ya mabenchi hayo vijana wanane wanaweza kuimaliza kwa siku mbili za mwisho wa juma, wakisimamiwa na fundi mmoja aliyelipwa haki yake.

Kwa kijana wa Mwananyamala tunasema: anza Jumamosi hii, na mkeo awe mshauri wa vipimo, maana yeye ndiye anayejua chumba kina nafasi kiasi gani. Na kwa mama wa Mbagala: usisaini karatasi ya mkopo kwa ajili ya meza. Pima kiwiko cha mwanao, andika kimo, kisha tafuta mbao mbili halali.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumzia namna ya kuhifadhi nafaka nyumbani wakati wa masika. Wabillahi tawfiq.